Mheshimiwa Waziri, kabla ya kinu cha nyuklia tupeni maabara Kusini

BARUA YA WAZI KWA WAZIRI WA ELIMU, SAYANSI NA TEKNOLOJIA

YAH: OMBI LA KUANZISHA UTAFITI WA CHUO KIKUU KUHUSU VYUMA NA MADINI YA KUUNDIA VINU VYA NYUKLIA, MIKOA YA LINDI NA MTWARA

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mtwara. Mimi ni mwalimu wa uchomeleaji katika chuo cha ufundi. Ninakuandikia hadharani kwa sababu ninalolileta kwako linawahusu watu wengi wa mikoa hii miwili, na ningependa nao walisome na kulijadili.

Ombi langu ni moja. Serikali imekwisha kusema kwamba inautazama umeme wa nyuklia, na mwaka 2025 mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ulizinduliwa kwenye mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Ninaomba kwamba kabla nchi haijaagiza kinu chake cha kwanza cha umeme, ianzishe huku Kusini idara ya chuo kikuu yenye maabara ya kuchunguza vyuma, kinywe (grafiti) na vitu vingine vinavyoundia kinu. Siombi kinu. Naomba Watanzania watakaojua kinu kimeundwa na nini, kinachakaa vipi, na siku gani inafaa kizimwe hata kama aliyekiuza anasema bado kizima.

Pengine utajiuliza mchomeleaji anatafuta nini kwenye nyuklia. Mheshimiwa, sisi tulikwishaingia zamani. Bomba la gesi la presha kubwa linapounganishwa, mshono haukubaliwi kwa kuutazama tu. Hupigwa picha kwa mionzi. Chanzo kidogo cha iridiamu-192, ambacho hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 74 hivi, huwekwa upande mmoja wa chuma na filamu upande wa pili. Filamu ikioshwa, tundu la hewa au ufa mwembamba ndani ya mshono huonekana. Hiyo ni teknolojia ya nyuklia, na imetumika kwenye ardhi hii ya mihogo na mikorosho.

Nilikuwa msaidizi kwenye kazi moja ya mabomba huku Kusini nilipokuwa kijana. Sisi wenyeji tulipewa kufunga kamba za tahadhari na kuwazuia watu wasisogee. Filamu zilisomwa na wageni ndani ya kontena lenye kiyoyozi, na wenyeji hatukuruhusiwa hata kuuliza zinasomwaje. Wale wataalamu walikuwa hodari, sina neno nao. Ila walipoondoka, ujuzi wa kuusoma mshono uliondoka nao, na mabomba yakabaki kwetu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya namna chuma kinavyoharibika, na kusoma huko ndiko kulikonifikisha kwenye vinu.

Nikueleze kisa kimoja cha shaba, maana kinanigusa kikazi. Waya tunaotumia karakanani kuchomelea mara nyingi hupakwa utando mwembamba wa shaba ili usishike kutu. Wanafunzi wangu wanaushika kila siku. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, waya wa namna hiyo ulitumika Marekani kuchomelea matangi ya chuma ambayo ndani yake hukaa moyo wa kinu. Ukuta wa tangi kama hilo una unene wa sentimita 20 hivi, na ndani yake maji hufikia nyuzi 320 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa kwa mgandamizo wa mara 150 ya hewa tunayoivuta. Mishono ile ilipita vipimo vyote vya wakati ule. Hakuna aliyefikiria kwamba ule utando wa shaba ungeleta shida.

Shida ilikuja na nyutroni, chembe ndogo kuliko atomu. Kinu kinapofanya kazi, nyutroni hutoka kwenye urani kwa kasi kubwa na kuugonga ukuta wa tangi mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Kila inapogonga, huzing'oa atomu za chuma mahali pake. Nyingi hurudi, nyingine hazirudi. Atomu za shaba zilizotawanyika ndani ya mshono hupata nafasi ya kutembea na kukusanyika vikundi vidogo mno, na vikundi hivyo hukizuia chuma kujinyoosha kinapovutwa. Chuma kilichokuwa na uwezo wa kupinda kidogo kabla ya kukatika hugeuka kikavu. Ikitokea hitilafu, maji baridi yakaingizwa ghafla ndani ya tangi lenye joto na mgandamizo, mshono mkavu wenye ufa mdogo unaweza kupasuka kama kigae. Kinu cha Yankee Rowe, Massachusetts, kilizimwa mwaka 1991 kwa sababu ya mashaka ya aina hiyo juu ya tangi lake, na mwaka uliofuata wenyewe wakaamua kutokiwasha tena. Warusi nao walikutana na tatizo kama hilo kwenye mishono ya vinu vyao. Mwaka 1987, pale Novovoronezh, waliupasha mshono wa tangi la kinu kizima joto la nyuzi 430 hivi kwa siku kadhaa ili chuma kirudi hali yake. Nilipokisoma kisa hicho nilikaa kimya muda mrefu. Kumbe kuna mchomeleaji mwenzangu aliyewahi kurekebishiwa mshono wake baada ya miaka mingi, bila kuufumua, kwa joto tu.

Waliojua hatari hiyo hawakuijua kwa kukisia. Ndani ya matangi hutundikwa vibweta vyenye vipande vya chuma kilekile cha tangi. Baada ya miaka kadhaa kibweta kimoja hutolewa, vipande hupelekwa maabara na kupigwa kwa nyundo ya Charpy, mashine ya bembea inayopima chuma kimekula nguvu kiasi gani kabla ya kukatika. Halafu watafiti hukaa na namba hizo, wakatazama chuma kwa hadubini ya elektroni, wakaandika kanuni za kukadiria tangi lina umri gani mbele yake. Vyuo vikuu vimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne na bado hawajaimaliza.

Wala si habari ya vinu vya wazee peke yake. Mwaka 2002, katika kinu cha Davis-Besse kule Ohio, iligundulika kwamba maji yenye asidi ya boroni yaliyokuwa yakivuja taratibu yalikuwa yameula mfuniko wa tangi mpaka chuma kizito kikaisha mahali pamoja. Kilichobaki kuzuia mgandamizo wote ule kilikuwa utando wa ndani wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene unaokaribia sentimita moja tu. Na mwishoni mwa 2021, kule Civaux, Ufaransa iliona nyufa za kutu kwenye mabomba ya dharura. Mwaka uliofuata ikalazimika kuzima vinu vingi, wakati Ulaya inalia na bei ya gesi. Ufaransa ina vinu zaidi ya 50, ina viwanda vyake, ina wataalamu wa vizazi vitatu, na bado ilihangaika. Sisi tukiona ufa kwenye bomba letu, tutampigia nani simu? Aliyetuuzia?

Sasa nije kwenye kinywe. Ukipita Ruangwa, mkoani Lindi, leo utamsikia mwenye shamba, dereva wa lori na mama lishe wote wakizungumzia kinywe. Wanakijua kama madini ya betri za magari ya umeme, na ni kweli. Lakini betri hizo zilikuta kinywe kimekwisha kuingia kwenye historia ya nyuklia. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza kilichowahi kujengwa na binadamu. Kilikuwa rundo la matofali ya kinywe, takriban tani 350, yaliyopangwa kwa mikono huku urani ikichomekwa katikati. Kazi ya kinywe ilikuwa kuzipunguzia nyutroni kasi ili ziweze kuzipasua atomu nyingine za urani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Ujerumani, mwanafizikia Walther Bothe alikipima kinywe akaona kinameza nyutroni kupita kiasi. Wajerumani wakakiacha, wakageukia maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito), na vita ikaisha hawajawasha kinu chochote. Kinywe hakikuwa na kosa. Kilichokosewa ni usafi wake, maana boroni kidogo tu, sehemu chache katika milioni, inatosha kuharibu kila kitu. Huko Marekani Leo Szilard, mwenzake Fermi, alikuwa amewang'ang'ania watengenezaji mpaka wakatoa kinywe safi zaidi. Hebu fikiria, Mheshimiwa: mradi wa dola kubwa ulipinda njia kwa sababu ya kipimo cha usafi wa madini ambayo sisi tunayo Ruangwa.

Hapa sitaki kumdanganya mtu. Matofali ya kinywe ya vinu vya leo kwa kawaida hutengenezwa kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli na lami. Akija mtu kukwambia kinywe cha Ruangwa kitatoka shimoni kiende moja kwa moja kwenye kinu, mwombe vipimo. Lakini kuna mlango mwingine, na huo ndio unaonifanya nishindwe kutulia. Kule Shidaowan, jimbo la Shandong nchini China, kuna mtambo ulioanza kazi ya kibiashara Desemba 2023. Fueli yake ni matufe yenye kipenyo cha sentimita 6. Kila tufe lina gramu 7 hivi za urani, zilizogawanywa katika chembe zipatazo 12,000, na kila chembe imevikwa matabaka ya kaboni na silikoni kabidi ili mabaki ya mionzi yasitoroke. Kinachozishika chembe hizo pamoja ni kinywe. Na katika mchanganyiko wa Kijerumani ulioweka msingi wa matufe ya aina hii, asilimia 64 ni kinywe cha asili, kile kinachochimbwa ardhini, kikichanganywa na kinywe cha kiwandani na gundi. Mtambo wa Shidaowan una vinu viwili, kila kimoja kinabeba matufe kama 420,000.

Kuna maswali hapo ya kumtosha mwanafunzi wa uzamili, na mengine ya kumtosha wa uzamivu. Kinywe cha Ruangwa kina uchafu gani? Boroni kiasi gani? Vanadi je? Kikisafishwa kwa joto kubwa au kwa asidi, kinafikia daraja la nyuklia au kinaishia njiani? Magamba yake makubwa yanayosifiwa na wanunuzi yanakaaje yakishindiliwa kwenye tufe? Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalohitaji kinu ili lijibiwe. Yanahitaji tanuri, mizani nyeti, mashine ya kupima elementi, na mtu aliyelipwa kukaa nayo miaka minne bila kuhamishwa. Na jibu likiwa kwamba kinywe chetu hakifai kwa nyuklia, hilo nalo lina faida. Mkulima wa Ruangwa hatauziwa ndoto, na Serikali itajua inajadiliana na wanunuzi ikiwa imesimama wapi.

Maabara hiyo pia ingewajibu watu wetu wakiuliza juu ya hatari, na wana haki ya kuuliza. Kinywe kikigongwa na nyutroni huweka akiba ya nguvu ndani yake. Oktoba 1957, kule Windscale, Uingereza, wahudumu walikuwa wakikipasha kinywe joto kwa makusudi ili kuitoa nguvu hiyo, kinu kikashika moto. Maziwa ya mashamba ya eneo la kilomita za mraba 500 hivi yalimwagwa. Miongo mingi baadaye, Scotland, kinu cha Hunterston B kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1976 kilifungwa Januari 2022 baada ya nyufa kuongezeka kwenye matofali yake ya kinywe. Lakini safari hii hakikuungua. Nyufa zilikuwa zimetabiriwa, zikahesabiwa, zikajadiliwa hadharani, na watafiti wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Manchester, walikuwa wamezisoma kwa miaka. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka kwa nchi yangu.

Kuna jambo moja la bei rahisi ambalo linaweza kuanza mwaka huu huu. Fueli iliyokwisha kutumika, ikishapoa majini kwa miaka, sehemu nyingi duniani huwekwa ndani ya makopo makubwa ya chuma kisichoshika kutu yakisubiri maziko ya kudumu. Chuma hicho kina adui, nayo ni chumvi ya bahari. Vumbi la chumvi likitua juu ya kopo na kupata unyevu, nyufa zinaweza kuanza pale karibu na mshono, ambapo chuma bado kimebana nguvu ya kuchomelewa. Watafiti wanashughulika na swali hilo hivi sasa. Na sisi chumvi tunayo. Mtu yeyote aliyeezeka bati Shangani au Msimbati anajua. Kure Beach, North Carolina, kuna uwanja ulio pembeni mwa bahari ambao tangu miaka ya 1930 watu hutundika vipande vya vyuma kwenye fremu, wakaviacha vile miaka na miaka, wakawa wanavipima. Uwanja wa namna hiyo Mikindani ungehitaji fremu, uzio, mlinzi, na mtafiti mwenye daftari. Matokeo yake yangewafaa watu wa gesi ya Madimba na bandari yetu leo, na ya nyuklia baadaye.

Kwa nini Kusini? Nimeulizwa swali hili na wenzangu, na najua wizarani litaulizwa pia, kwa kuwa maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki ziko Arusha, na Arusha hiyohiyo ina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Sisemi Arusha inyang'anywe kitu. Nasema hivi: kinywe kiko Ruangwa, urani iko Namtumbo kwenye barabara iyohiyo inayotoka Songea kupitia Tunduru na Masasi hadi hapa, gesi iko Mnazi Bay na Songo Songo, na bahari iko mlangoni. Makaa ya mawe ya Ruvuma tayari yanapakiwa melini Mtwara. Mapipa ya keki ya njano, yaani unga wa urani iliyochakatwa, nayo yakipitishwa njia hii siku moja, ningetaka mtoto wa Mangaka aweze kumwuliza mhadhiri wa hapahapa, kwa Kiswahili, ndani ya pipa lile kuna nini na likianguka afanyeje.

Na kuna historia, ambayo siwezi kuiruka. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosau Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini Lindi, zikapelekwa Berlin. Kila baada ya muda Bunge huulizwa kama yule mjusi atarudishwa. Mimi huwa nafikiria zaidi wale wachimbaji. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi wa kuitambua na kuiandaa mifupa hata wanasayansi wakamtegemea, na mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake. Lakini Lindi haikupata shule ya kuendeleza alichokijua Boheti. Vizazi vilivyomfuata vilirudi kulima, na anayetaka kuwa bingwa wa mifupa ya Tendaguru hata leo hupanda ndege.

Halafu zikaja karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ni watoto wa mradi huo. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Wengi husimulia kuhusu mvua. Mimi kama mtu wa vyuma hukumbuka zaidi kwamba kule Kongwa udongo wenyewe, mgumu na wenye chembe za kwazi, uliyala majembe ya matrekta yakaisha. Mashine zilifika kabla ya utafiti. Reli yetu iling'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na wazee wa Nachingwea bado wanaweza kukuonyesha ilikopita.

Ya gesi unayajua. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Katikati, Mei 2013, mji huu uliwaka moto kwa vurugu za kupinga bomba hilo, na watu wakafa. Sitaki kufufua lawama. Naamini tu kwamba watu wangepokea habari ya bomba kwa namna nyingine kama kungekuwa na wasomi wa hapa, wanaoaminika hapa, wa kusimama uwanja wa Mashujaa na kujibu maswali bila kusoma karatasi iliyoandikwa kwingine. Mwaka 2024 ndugu zetu wa Uyombo, Kilifi, nchini Kenya, waliandamana kupinga kinu cha nyuklia kwenye pwani yao. Sitawahukumu, maana nisingependa mimi pia kuletewa kinu na watu nisiowajua.

Kuna hoja ya umaskini: kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haiwezi kuota maabara za nyuklia. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu nafundisha kwenye karakana ambayo wanafunzi hupokezana barakoa. Lakini Kongo ilipata kinu cha utafiti, cha kwanza barani Afrika, mwaka 1959 kwenye chuo kikuu cha Kinshasa. Ghana imekuwa na kinu kidogo cha utafiti tangu 1994 na Nigeria tangu 2004, hicho cha Nigeria kikiwa Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria. Ghana ina shule ya sayansi za nyuklia ndani ya chuo kikuu chake. Nchi hizo si tajiri. Na mimi nimekwisha kusema, sisi tusianze hata na kinu. Tuanze na nyundo ya Charpy, mashine ya kuvuta chuma, tanuri, vyombo vya presha vya kuweka sampuli kwenye maji ya nyuzi 320, na hadubini moja nzuri ya elektroni. Vifaa hivyo vitatumiwa asubuhi na watu wa nyuklia na mchana na watu wa mabomba, saruji na meli. Sampuli zinazohitaji kugongwa na chembe zenye kasi zipelekwe kwa makubaliano kwenye maabara za iThemba LABS, Afrika Kusini, ambako protoni zinaweza kutumika kuiga sehemu ya uharibifu wa nyutroni. Na kwa fizikia ya kinu chenyewe, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo sisi ni wanachama wake tangu 1976, lina mpango wa wanafunzi kufuatilia majaribio ya kinu cha nchi nyingine kwa njia ya intaneti. Shirika hilohilo lina ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ulioanzishwa mwaka 2020, kwa wasichana wanaosoma uzamili wa fani hizi. Nina wasichana wawili darasani kwangu wanaochomelea vizuri kuliko mimi nilivyokuwa na umri wao. Sijaona tangazo la ufadhili huo likibandikwa popote Mtwara.

Wizara yako imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kuleta chuo Kusini. Kupitia HEET, mradi wa Serikali wa kukuza elimu ya juu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepata kampasi Lindi kwa ajili ya kilimo. Tulifurahi, na korosho na ufuta wetu vinastahili. Idara ninayoiomba inaweza kukaa kwenye ardhi hiyohiyo, au Mtwara mjini, mradi iwe chini ya chuo kikuu cha umma chenye kutoa shahada za juu na kuchapisha matokeo yake.

Neno kuchapisha nimelikusudia. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, Tume inadhibiti mionzi na papo hapo inaendeleza teknolojia ya nyuklia. Ninawaheshimu watumishi wake. Lakini mtu mmoja akipewa kuuza na kupima, hata akiwa mwaminifu, watu watanong'ona. Chuo kikuu ni jicho la tatu. Mtafiti wa chuo akiona chuma kimepoteza nguvu aandike, ajadiliwe na wenzake, na asiogope kuitwa ofisini. Naomba jambo hilo liwekwe kwenye hati ya kuanzisha idara yenyewe, lisiachwe kwenye hisani ya atakayekuwa mkuu wa wakati huo.

Wakati nao hautoshi kama tunavyodhani. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa unasema tangu nchi inapoanza kulifikiria jambo hili mpaka kinu kiwashwe ni miaka 10 hadi 15, na wataalamu ni moja ya masuala 19 ambayo nchi hutakiwa kuyaandaa. Mtoto aliye kidato cha nne leo Masasi au Kilwa Kivinje atahitaji karibu muda huohuo kufika uzamivu na kupata uzoefu kidogo. Tukiagiza kinu kwanza na kutafuta watu baadaye, mkataba utasomwa na wanasheria peke yao, na kile kifungu cha chuma cha tangi kitapita bila mtu wa kuuliza kina shaba kiasi gani.

Kwa hiyo naomba mambo machache ya mwaka huu wa fedha. Wizara iteue chuo kikuu kimoja kibebe wazo hili na kutuma timu Lindi na Mtwara kuzungumza na walimu wa sayansi, mafundi na wachimbaji. Katika hotuba ya bajeti utakayoisoma Dodoma, kitajwe kifungu, hata kidogo, cha nafasi za masomo ya vyuma na kinywe vya nyuklia kwa vijana, na tangazo lake lifike kwenye mbao za shule za wilaya zote za Kusini. Na uwanja wa majaribio ya kutu uanze Mikindani bila kusubiri jengo. Vipande vya kwanza vya chuma nitavitoa karakanani kwetu, vilivyochomelewa na visivyochomelewa, na fremu za kuvitundikia wanafunzi wangu wako tayari kuzitengeneza. Tunachohitaji kutoka kwako ni barua inayotaja chuo kitakachokuja kuvipima na mwezi kitakaoanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa uchomeleaji,
Mtwara Mikindani